Lita Mia za Mlangoni

Mama Povu alipostaafu, chumba cha kufulia cha hospitali yetu kilipooza kama nyumba iliyohamwa. Mimi nilikuwa upande wa pasi, yeye upande wa mashine, na kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuona maji yakipotea mbele yake. Maji ya suuza ya mwisho aliyakinga kwenye mapipa, yakafulia mablanketi. Maji ya mablanketi yalisafishia sakafu. Yale ya sakafu, tulikuwa tukimtania, angeyabeba akaenda nayo nyumbani kama asingeona haya. Bomba likivuja alikuwa hakai. Anampigia fundi simu, fundi akichelewa anampigia tena, mpaka fundi anakuja kwa kuchoshwa na sauti yake. Jina la Mama Povu lilitokana na sabuni, lakini lilimganda kwa sababu nyingine pia: akikasirika, alikuwa anatoa povu kweli kweli.

Nimeanza na habari hiyo ya maji makusudi. Kwa sababu mwanamke huyu, kati ya wanawake wote waliopo duniani, ndiye aliyekuja kuitwa mfujaji wa maji. Na aliyemwita hivyo ni mumewe, mbele ya wakwe.

Mumewe alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu, na kila mtu alimwita Kapteni, mkewe akiwa wa kwanza. Naye alikuwa amestaafu, na alikuwa na hamu moja tu: kuendesha gari kubwa bila abiria wa kumpigia kelele. Akaenda kwenye yadi moja pembezoni mwa mji, wanakogeuza vani kuukuu kuwa kampa, yaani gari lenye vitanda, jiko la gesi, sinki na kibafu cha kusimama, la kusafiria na kulala humo humo. Akachagua moja la rangi ya maziwa lenye mapazia ya buluu. Mlangoni paliandikwa kwa herufi nzuri za rangi: VITANDA VITATU. JIKO. MAJI LITA MIA.

Mwenye yadi alikuwa mtu wa kuvaa miwani ya jua juu ya paji la uso hata akiwa ndani ya nyumba, kwa hiyo Mama Povu akamwita Miwani na jina likaishia hapo. Miwani alimpiga Kapteni begani.

"Mzee wangu, kwa lita mia mnakaa watatu siku tatu bila kutafuta bomba. Mnaoga, mnapika, mnaosha vyombo. Raha mustarehe."

Safari ya kwanza ilijipanga yenyewe. Binti yao wa pekee alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na anaishi mbali, ng'ambo ya nyika kavu ambayo mtu anaivuka kwa siku mbili nzima na vituo vyenye maji ni vya kutafuta kwa tochi. Wifi yake Mama Povu, dada mkubwa wa Kapteni, akasema na yeye haachwi. Wifi huyo alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana kabla ya kustaafu, na tabia ya kuchungulia nani ameoga na ndoo ngapi haikuwahi kumtoka.

Wakajaza tangi nyumbani, madumu matano ya lita ishirini ishirini, wakaondoka wanaimba.

Asubuhi ya pili bomba la sinki likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Kapteni akatazama geji. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

"Lita mia!" akasema. "Jana tu tumejaza!"

"Mimi nimeoga makopo mawili," Wifi akawahi.

"Na mimi hata kichwa sijalowesha," Kapteni akasema.

Kisha wote wawili wakamgeukia Mama Povu, ambaye wakati huo alikuwa ameshika sahani yenye sabuni.

"Mnaniangalia nini?"

"Hakuna anayekuangalia, wifi yangu," akajibiwa. "Ila kuna watu wamezoea maji ya serikali."

Mama Povu aliniambia kwamba hapo alicheka. Alidhani ni utani. Akaifuta ile sahani kwa kitambaa, mambo yakaisha, au yeye alidhani yameisha.

Kwenye kibanda cha barabarani wakapata mtu wa kuwauzia maji. Kapteni mwenyewe ndiye aliyemimina. Dumu la kwanza, la pili, la tatu, na alipoanza la nne maji yakafurika yakamlowesha viatu. Akasema, "Limejaa hilo," akafunga kifuniko. Tangi tupu la lita mia limejaa kwa madumu matatu na kidogo, na katika watu wazima watatu hakuna aliyejiuliza. Nalisema hili kwa sababu Mama Povu mwenyewe halimalizi bila kujipiga paja. "Nilikuwepo," husema. "Nilimshikia hata mpira wa kumiminia."

Siku iliyofuata bomba likakauka tena, mapema kuliko mwanzo. Safari hii hakuna aliyecheka. Kapteni hakuuliza swali hata moja. Wakajaza tena mahali walipopata, kisha akainama chini ya usukani, akachomoa fyuzi ya pampu ya maji, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Bila fyuzi pampu haisukumi, na bila pampu bomba ni pambo.

Kuanzia hapo mtu akitaka maji anaomba.

"Naomba fyuzi."

"Ya kufanyia nini?"

"Ninawe."

"Unawe nini?"

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. "Nimeolewa na mtu huyu hana hata baiskeli," aliniambia mezani kwangu. "Nimefua sare zake za udereva mpaka kola zikaisha. Leo naulizwa nanawa nini!" Na kilichozidisha ni kwamba Wifi hakuulizwa. Wifi akitaja chai tu, fyuzi inatoka mfukoni kabla hajamaliza sentensi.

Akajikaza. Akajifuta mwili kwa kitambaa chenye unyevu, kama mtu anayefuta kabati. Nywele zikajaa vumbi la nyika, gauni likanuka dizeli. Hakugombana, kwa sababu alikuwa anakwenda kumwona mjukuu na hakutaka kufika na uso wa matanga.

Wakafika mchana. Wakwe walikuwa wamejipanga sebuleni, mama mzaa mkwe akiwa kwenye kiti kikubwa. Binti akaja na mtoto amefungwa kwenye shuka nyeupe, safi, ya kupigwa pasi, akamnyooshea mama yake. Na Mama Povu, aliyeosha mashuka ya watoto wachanga maisha yake yote ya kazi, akaificha mikono nyuma.

"Ngoja mwanangu. Ninawe kwanza."

Hapo ndipo Kapteni alipoamua kuchangamsha baraza. Alikuwa amekwishakaa na glasi ya juisi mkononi.

"Mpeni maji, lakini mmoja asimame kwenye bomba! Huyu kanimalizia lita mia kwa siku. Alizoea kufua hospitali nzima, sasa kaanza kuifua nyika."

Mkwe akacheka kwa adabu. Mama yake akacheka kweli kweli, mpaka akajifuta macho. Wifi akaongeza kwamba yeye alikuwa shahidi, kopo kwa kopo, na kwamba kule bweni msichana wa namna hiyo angekuwa amekwishaandikiwa wazazi wake.

Mama Povu akaenda bafuni akafunga mlango. Kuna maji mengi nyumba ile, yanatoka kwa nguvu. Yeye akafungua kidogo, yakatoka mfano wa uzi, akanawa kwa huo uzi mpaka vidole vikatakata, akasuuza shingo, akasuuza uso.

"Unajua kwa nini nilifungua kidogo?" aliniuliza. "Nilikuwa naogopa wasije wakasikia bomba."

Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka.

Walikaa wiki moja, na kila mgeni aliyekuja kumtazama mtoto alipewa habari ya lita mia. Habari yenyewe ilikuwa inanenepa. Mwisho wa wiki Mama Povu alikuwa ameosha gari zima kwa maji ya kunywa. Yeye alikaa chumbani na binti yake, akafua nepi, akamshika mjukuu, na akahesabiwa kuwa amenuna.

Wakati wa kurudi Wifi alikaa mbele. Mama Povu akakaa nyuma, kwenye benchi lenye matakia, na chini ya benchi hilo ndipo lilipo tangi. Siku ya pili asubuhi bomba likakauka kama kawaida yake. Kapteni akatikisa kichwa, na kule kutikisa kichwa, anasema Mama Povu, kulikuwa kubaya kuliko tusi.

Barabara ikaanza kuteremka mlima kwa kona kali. Gari likalala upande mmoja, na chini ya matakia kitu kikasema *chubwi*.

Akadhani ni chupa ya chai. Akaitazama, ilikuwa imesimama imara kwenye kishikio chake. Kona nyingine. *Chubwi, chubwi*, sauti nzito, ya maji mengi yanayogonga ukuta. Akapiga magoti katikati ya gari linalokimbia, akaweka sikio juu ya benchi.

"Kapteni! Simamisha gari!"

"Unaumwa?"

"Simamisha gari nimesema!"

Akasimama pembeni. Alipofika nyuma alimkuta mkewe ametupa matakia chini, ameng'oa ubao, anazungusha kifuniko kikubwa cha juu ya tangi. Kifuniko kikafunguka. Mama Povu akakunja mkono wa gauni, akauzamisha, na alipoutoa ulikuwa umelowa mpaka juu ya kiwiko cha mkono. Akachukua kikombe, akachota, akakitoa kimejaa. Akakinyanyua mbele ya macho ya mumewe.

"Hiki ni nini?"

Kapteni akatazama geji. Nyekundu. Akachomeka fyuzi, akafungua bomba la sinki. Hewa. Akairudisha fyuzi mfukoni kwa mazoea, akatazama kikombe.

Wakachota. Beseni likajaa, sufuria zote mbili zikajaa, dumu likajaa, na bado kikombe kilikuwa kinarudi na maji. Kapteni akalala chali chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nafikiri kwa sababu hakuwa na haraka ya kutoka. Alichokiona kilikuwa wazi hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana. Tundu la kutolea maji lilikuwa ubavuni mwa tangi, juu kiasi cha shibiri nzima kutoka kwenye sakafu yake, na tangi lenyewe lilikuwa limefungwa limeinama upande wa pili. Maji yakishuka chini ya lile tundu pampu inavuta hewa, na geji, iliyofungwa usawa huo huo, inasoma nyekundu. Theluthi nzima inabaki imelala huko, inasafirishwa kwenda na kurudi, haitoki milele.

Akatoka na vumbi mgongoni.

"Kwa hiyo yalikuwepo," akasema.

"Yalikuwepo."

"Wakati wote?"

"Wakati wote. Nilipokuwa najifuta kwa kitambaa nilikuwa nimeyakalia."

Wifi, ambaye alikuwa ametoa kichwa dirishani, akaona atulize mambo. "Basi jamani, si afadhali tumeyapata?"

Hapo Mama Povu akatoa povu.

Sikuwepo, lakini amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba naisikia. Alimwambia wifi yake kwamba hakuna *tume* hapo, kwa sababu waliokosa maji si *sisi*, aliyekosa ni mtu mmoja, na chai za Wifi hazikuwahi kuingoja fyuzi. Alimwambia mumewe kwamba alimimina madumu matatu kwa mikono yake mwenyewe, tangi likafurika miguuni pake, na badala ya kuliuliza tangi akamuuliza mkewe. "Mlango uliandikwa rangi ukauamini. Mimi nimekaa na wewe miaka thelathini hukuniamini siku tatu! Ulimwona mtu anayekinga maji ya suuza, ukasema huyu ndiye mwizi!" Magari yalikuwa yanapita na watu wanachungulia. Alisema wachungulie.

Kapteni akafungua kifungo cha mfuko, akatoa fyuzi, akamnyooshea.

"Iweke mahali pake," Mama Povu akasema. "Mimi siitaki. Nataka kuoga kichwa."

Akainama kando ya barabara, na Kapteni akammiminia kwa kikombe maji yale yale yaliyokuwa hayapo. Alimimina mpaka alipoambiwa basi, na hakuambiwa basi mapema.

Walipofika mahali penye mtandao Mama Povu akampa mumewe simu. Hakutaka kuombwa msamaha peke yake garini, alisema. Hakusemwa peke yake garini. Kapteni akampigia binti, spika ikiwa wazi, akaeleza. Akaomba aongee na mkwe, akaeleza upya. Kisha mama mzaa mkwe. Huyo alikuwa mgumu, kwa sababu hakuelewa habari za tundu, na Kapteni ilimbidi aseme neno moja kwa moja: "Mama, nilimsingizia mke wangu." Halafu yule mama akasema, "Na mimi nilicheka. Mpe pole." Wifi hakupiga simu kwa mtu yeyote. Alisema koo linamuuma. Mpaka navyosema hivi halijapona.

Kesho yake baada ya kurudi mjini, Mama Povu akanipitia nyumbani asubuhi, amevaa gauni lake zuri, na viatu vya kisigino kifupi. Akasema, "Twende yadi. Nataka mtu wa kunishika nikimrukia."

Miwani alitupokea kwa tabasamu. Kapteni, aliyetuleta na gari lenyewe, akaeleza kwa upole, akaonyesha. Miwani akasikiliza, akachuchumaa, akasimama.

"Mzee, tangi hili linashika lita mia au halishiki?"

"Linashika."

"Basi sisi tuliandika ukweli. Hatukuandika kwamba mtazitumia zote."

Nilimshika Mama Povu mkono. Haikusaidia.

"Ukiniuzia dawa ya kikohozi, theluthi imegandia kwenye chupa, utasema chupa imejaa?"

"Mama, tangi lolote linabakiza maji kidogo chini. Hiyo ni kawaida."

"Kidogo nakubali. Kikombe, sufuria, nakubali. Hapa tumetoa beseni, sufuria mbili na dumu zima, na chini bado palikuwa pabichi!"

"Nimeuza magari kama haya mengi. Hakuna mteja mwingine aliyelalamika."

"Hawajalalamika kwa sababu wako huko wanagombana wao kwa wao!"

Pale kwenye kivuli kulikuwa na fundi amekaa anachonga bati. Aliinamisha kichwa. Baadaye, Miwani alipokwenda kupokea simu, akasogea akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kutoboa tundu chini kunataka tangi liinuliwe kwenye kitako cha chuma, na vitako hivyo vilisimamishwa siku nyingi ili kazi iende haraka. "Nilimwambia," alisema. "Akaniambia nitoboe pale ninapofika." Akarudi kwenye bati lake.

Miwani aliporudi alikuta wateja wamesimama kwenye gari la jirani, bwana mmoja na mkewe, wanasikiliza kila kitu. Ghafla akawa mwema. Gari letu litarekebishwa siku hiyo hiyo, akasema, kama zawadi kwa mzee. Mama Povu akasema zawadi ampelekee mama yake, hii ni kazi isiyomalizwa inamalizwa. Tukakaa pale mpaka jioni, tangi likateremshwa, likakalishwa kwenye chuma, tundu la zamani likazibwa, jipya likatobolewa chini. Wakajaribu kwa madumu. Yote matano yalitoka bombani, kasoro kikombe, na kilichobaki ndani kilikuwa cha kufutwa kwa kitambaa. Kwa hilo Mama Povu alitikisa kichwa kwa kukubali.

Lakini alitaka jambo moja zaidi. Yale magari mengine yaliyopangwa pale, yaandikwe mlangoni maji yanayotoka, si maji yanayoingia. Miwani akasema ataangalia. Nimepita pale mara kadhaa tangu siku ile, na nawaambia hajaangalia. Herufi ni zile zile, nzuri, za rangi, na mengine yameongezwa neno JIPYA. Wale bwana na bibi waliokuwa wanasikiliza waliondoka bila kununua. Ni hao tu.

Safari ya pili ya kwenda kwa mjukuu walikwenda wawili. Wifi aliaga kwamba ana shughuli, na hakuna aliyembembeleza. Kwenye kituo cha mafuta katikati ya nyika waliikuta kampa nyingine ya yadi ile, ya rangi ya kijani, milango iko wazi. Mwanamume alikuwa amesimama nje anasema kwa sauti kwamba watu waliolelewa mjini hawajui thamani ya maji. Ndani, mwanamke kijana alikuwa amekaa juu ya benchi amefumba mdomo, na mtoto wake mdogo amelala mapajani.

Kapteni alimshika mkewe mkono, akisema si mambo yetu. Mama Povu akautoa mkono.

"Shikamoo mama," yule kijana wa kike akasema, akijifuta macho haraka.

"Marahaba mwanangu. Mnyanyue mtoto. Na wewe baba, acha kusema, njoo hapa ufungue kiti hiki."

Yule bwana hakutaka. Alisema yeye ni mtu mzima, anajua gari lake. Lakini Kapteni alikuwa amefika na yeye, akiwa na kikombe, na alisema tu, "Fungua, bwana mdogo. Usiongeze neno, yatakuwa mengi ya kurudisha." Ubao ukang'olewa, kifuniko kikazungushwa, na bwana akaingiza mkono.

Mama Povu anasema hakungoja kusikia walichoambiana. Alirudi garini kwao na kukaa mbele, amekasirika upya kana kwamba amefanyiwa yeye. Baadaye Kapteni akamuuliza kama anataka wasimame anawe uso.

"Simama," akasema.